MAKARATASI YA NDOA SI FIMBO, WALA SI NGUO YA KUFUNIKIA UONGO

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na maswahaba zake.

Leo naomba mnivumilie, maneno ni marefu. Jambo lenyewe halisemwi mimbarini, lakini kwenye simu yangu limejaa. Ni usaliti wa ndoa kwa watu ambao ndoa yao ndiyo iliyowapa, au ndiyo inayotarajiwa kuwapa, makaratasi ya kuishi ughaibuni. Wanaoniuliza wengi wako Marekani, kwa hiyo nitazungumzia sheria ya huko. Aliyeko Uingereza, Kanada au kwingineko asichukue hukumu za kisheria nitakazozitaja akazibandika kwake, kwa sababu kila nchi ina utaratibu wake. Ama hukumu za dini ni zetu sote.

Maswali yanakuja kwa sura mbili.

Sura ya kwanza ni ya dada. Ameolewa hapa kwetu pwani na ndugu mwenye uraia wa Marekani, akachukuliwa, akapewa kadi ya miaka miwili. Imebaki miezi michache kadi iishe, na mume anatakiwa atie saini pamoja naye. Akagundua mume ana mwanamke mwingine. Alipouliza akajibiwa: "Ukifungua mdomo sitii saini, utarudi kwenu na begi lako." Mashoga zake wanamwambia, "Wewe cheka naye tu mpaka asaini, halafu umwoneshe."

Sura ya pili ni ya kaka. Yeye ndiye aliyeomba mke aletwe. Mke amefika, miezi imepita, kaka amekuta ujumbe kwenye simu. Damu inachemka. Anataka kuandika barua uhamiaji kwamba "huyu alinioa kwa ajili ya makaratasi". Ukimuuliza taratibu, "Hivi kweli siku ya nikaha hakuwa anakupenda?" ananyamaza. Anajua alikuwa anampenda.

Wote wawili wanauliza swali moja: je, zina itaharibu makaratasi? Rai yangu, na nitaieleza kwa urefu, ni hii: zina inaharibu ndoa na inaharibu akhera ya mtu asipotubu. Ama makaratasi, mara nyingi kinachoyaharibu ni uongo unaosemwa kuificha ile zina, au uongo unaosemwa kuilipizia kisasi. Na uongo wa kiapo kwetu sisi ni dhambi kubwa iliyosimama peke yake, hata kama uliyemdanganya ni ofisa asiyekuwa Mwislamu katika nchi isiyokuwa ya Kiislamu.

SHERIA INAULIZA NINI HASA?

Mimi ni imamu, si wakili. Lakini nimewauliza wanaojua na nimesoma, kwa hiyo nitawaambia yale yaliyo wazi.

Mwaka 1986 Marekani walipitisha sheria ya kupambana na ndoa za bandia. Tangu hapo, mtu akipata ukaazi kupitia ndoa ambayo haijatimiza miaka miwili, anapewa kadi yenye sharti, ya miaka miwili. Ndani ya siku 90 za mwisho kabla kadi haijaisha, mume na mke wanapeleka pamoja fomu I-751 kuomba sharti liondolewe. Wanaambatanisha ushahidi wa maisha yao: mkataba wa nyumba, akaunti ya benki, bima, vyeti vya watoto, maneno ya watu wanaowajua.

Kinachotafutwa ni kitu kimoja: je, mlipooana mlikusudia kuishi kama mume na mke, au mlikusudia makaratasi? Yaani wanauliza nia. Na sisi suala la nia tumelisoma tangu chuoni, ndiyo hadithi ya kwanza katika Arubaini ya Imam Nawawi. Sasa angalia: nia inayotazamwa ni ile ya siku ya kufunga ndoa. Mahakama zao zimeshasema tangu miaka ya 1970 kwamba watu kuja kutengana baadaye hakuthibitishi peke yake kwamba ndoa ilikuwa ya bandia tangu mwanzo. Ndoa ya kweli inaweza kuugua. Ndoa ya kweli inaweza kufa. Haigeuki kuwa ya bandia kwa kuwa imekufa.

Kwa hiyo dada yangu, mume wako kuchepuka hakufanyi ndoa yako kuwa ya uongo. Na wewe kaka, mke wako kuteleza, kama imethibiti, hakufuti kwamba alikuja kwako kwa nia njema.

Lakini msilale. Usaliti unaleta mambo mengine yanayogusa makaratasi. Mume amehamia kwa mwanamke mwingine, anwani zimekuwa mbili. Ofisa akiwatenga vyumba viwili akawauliza kila mmoja, nani aliamka wa kwanza leo, jokofu lina rangi gani, majibu yanapishana kwa sababu hamuishi pamoja tena. Hapo ndipo wengi wanapoanza kutunga. Na kama kadi bado haijatolewa kabisa, aliyepeleka ombi anaweza kuliondoa, na ombi linakufa hapo hapo. Hili lazima lijulikane ili mtu asijidanganye.

Halafu kuna uraia. Watu wengi wanadhani Wamarekani zina si kitu kwao. Si kweli kwa upande wa uraia. Anayeomba uraia anatakiwa awe na tabia njema katika miaka inayohesabiwa. Hadi mwaka 1981 sheria yenyewe ilitaja zina kwa jina kuwa ni kizuizi. Mwaka huo kifungu kikafutwa, lakini katika kanuni za uhamiaji limebaki jambo hili: mtu aliyefanya zina iliyoelekea kuvunja ndoa iliyopo anaweza kuhesabiwa kuwa hana tabia njema, ila kama kuna sababu ya kumpunguzia lawama, mathalani mume na mke walikuwa wameshatengana zamani. Ofisa anapima kila kesi kwa hali yake. Lakini mlango upo.

Na aliyeoa au kuolewa na raia anaweza kuomba uraia baada ya miaka 3 badala ya 5, kwa sharti kwamba miaka hiyo 3 wameishi pamoja katika ndoa. Sasa mtu ametengana na mwenzake kwa sababu ya mchepuko, anataka miaka 3, anaandika kwamba bado wanaishi pamoja. Ndugu yangu, ungesubiri miaka 5 ungeomba peke yako bila kumtegemea mtu. Miaka miwili ya subira umeibadilisha kwa kiapo cha uongo. Biashara gani hiyo?

KUJISITIRI NI KITU KIMOJA, KUDANGANYA NI KITU KINGINE

Hapa nataka tusimame kidogo, maana wengi wanachanganya.

Dini yetu inatufundisha kusitiri. Aliyefanya dhambi Allah akamsitiri usiku, asiamke asubuhi akajitangaza. Atubu baina yake na Mola wake. Hakuna katika mafundisho yetu kwamba ukizini uende ukamwambie kila mtu. Sasa kuna ndugu wanasema, "Sheikh, si tumeamrishwa tujisitiri? Basi nikiulizwa na ofisa nikakataa, nimejisitiri."

Hapana. Kujisitiri ni kutosema. Kudanganya ni kusema lisilokuwa. Hakuna aliyekulazimisha kwenda kujitangaza uhamiaji, na kitu usichoulizwa huna wajibu wa kukitangaza kwa kuwa tu kinakuuma rohoni. Lakini umeinua mkono wa kulia, umeapa, umeulizwa: "Mnaishi pamoja?" Ukasema ndiyo na huku mna miezi minane hamjaonana, hapo hukujisitiri. Umetoa ushahidi wa uongo. Kuna njia ya tatu ambayo watu hawaijui: kwenda na wakili, na kumuuliza kabla ya siku ile, lipi nalazimika kulijibu na namna gani. Kunyamaza kwa ushauri wa wakili kunaweza kukuchelewesha. Uongo unaweza kukumaliza, kwa sababu kwao aliyedanganya katika jambo la msingi ili apate makaratasi anaweza kuzuiwa moja kwa moja, na hata uraia alioupata unaweza kunyang'anywa miaka mingi baadaye.

Mnaijua hadithi ya Mtume (s.a.w.) alipokuwa akiwatajia maswahaba madhambi makubwa. Alikuwa ameegemea. Alipofika kwenye ushahidi wa uongo akakaa sawasawa, akalirudia na kulirudia, mpaka maswahaba wakatamani anyamaze kwa kumwonea huruma. Shirki aliitaja, kuwaasi wazazi aliitaja, hakukaa. Alipofika hapa akakaa. Tafakari.

Na uongo ulioruhusiwa baina ya mume na mke ni ule wa kupatanisha, wa kumwambia mwenzako neno la kumfurahisha. Haukuruhusiwa ili mwende nao ofisini mkaapie.

MTOTO ALIYEFICHWA

Kuna matunda ya zina ambayo hayafichiki, nayo ni mtoto. Fomu za kuomba ukaazi zinauliza watoto wako wote. Hawakuuliza watoto wa ndani ya ndoa peke yao. Wanataka wote, wanaoishi nawe na wasioishi nawe.

Ndugu amepata mtoto nje wakati mkewe anasubiri visa. Anaogopa mke asijue, hamuandiki. Miaka inapita, moyo unamrudi, anataka kumleta mwanawe. Sasa anaulizwa: huyu ni nani? Mbona hukumtaja mwaka ule? Akimtaja, amekiri kwamba aliapa uongo. Akinyamaza, mtoto amekosa baba. Mtoto hakuzini. Mtoto hakuapa. Lakini yeye ndiye anayelipa.

Masuala ya nasaba ya mtoto wa nje katika sharia yana maelezo yake, na mahali pake ni kwa wanachuoni wenu. Ninachosema hapa ni kwamba fomu haikuulizi fiqhi, inakuuliza kama yupo. Kama yupo, andika yupo.

"SIJAZINI SHEIKH, NIMEOA WA PILI KIMYA KIMYA"

Haya, wapo wanaojiona wako salama. Anasema yeye hana mchepuko, amefunga nikaha ya siri na dada mwingine, mashahidi wawili, mahari imetolewa, mke mkubwa hajui.

Mitala ni halali katika dini yetu na simharamishii mtu alichohalalishiwa. Lakini wewe uliingia nchi ambayo inakataza mitala katika majimbo yote, na fomu inakuuliza waziwazi kama umewahi kuwa na ndoa zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Mtu anayeishi kwa mitala huko hapati uraia, na aliyekuja kwa nia ya kuishi hivyo anaweza kukataliwa kuingia. Wewe umejibu "hapana". Ama nikaha yako ni ya kweli na jibu lako ni la uongo, ama jibu lako ni la kweli na huyo dada unamfanya nini?

Tumeamrishwa kutimiza mikataba, ndiyo mwanzo wa Suratul Maida. Kuingia kwa masharti ni mkataba. Na mtazame huyo mke wa siri: hawezi kuombewa makaratasi kwa ndoa hiyo, na ukifa leo hana cheti wala jina. Kuna stara gani hapo?

TALAKA YA MDOMO NA NDOA YA MAHAKAMANI

Hili nalisisitiza kwa dada zangu hasa, kwa sababu linawanasa wema, si waovu.

Dada ameachwa. Talaka imetamkwa, amekaa eda yake kamili, akaja mwanamume mwema akamuoa kwa nikaha msikitini. Kwa Allah hana kosa. Lakini ile ndoa ya kwanza iliyosajiliwa haikuvunjwa mahakamani. Kwa ofisa huyu bado ni mke wa mtu, na anaishi na mwanamume mwingine. Mtu aliyefuata dini yake hatua kwa hatua anaonekana mzinifu kwenye makaratasi, na anapoulizwa anatetemeka kana kwamba ameiba.

Marekani talaka ni ya mahakama. Kutamka tu, au kutuma ujumbe wa simu kama wafanyavyo vijana wa siku hizi, Allah atuongoze, hakuvunji ndoa iliyosajiliwa huko. Kwa hiyo, dada yangu, ukishaachwa, kabla hujafunga nikaha nyingine fungua kesi mahakamani, pata hukumu ya talaka mkononi. Ukiwa huku nyumbani, hakikisha talaka yako imepita kwenye mamlaka inayotambuliwa na una cheti. Na sisi maimamu tusifungishe nikaha kabla ya kuuliza: cheti cha talaka kiko wapi? Tukifungisha bila kuuliza, tunamtengenezea mtu mtego kwa mikono yetu.

KWA MUME ANAYESHIKA MAKARATASI KAMA FIMBO

Narudi kwa yule mume anayesema "sitii saini".

Kaka, umezini wewe, halafu anayetishiwa ni aliyedhulumiwa? Subhanallah. Katika Suratul Baqara, aya ya 231, Mwenyezi Mungu anakataza kuwashika wanawake kwa ajili ya kuwadhuru ili mvuke mipaka, na anasema anayefanya hivyo amejidhulumu mwenyewe. Zamani za ujahilia mtu alikuwa akimpa mkewe talaka, eda ikikaribia kwisha anamrejea, si kwa mapenzi, ni kumtesa. Makaratasi leo yamekuwa ndiyo eda ya kuchezea. Unamshika bila kumpenda na humwachi aende.

Na ujue fimbo yako ni fupi kuliko unavyodhani. Kadi ikishatolewa, huna uwezo wa kuifuta kwa mkono wako. Sheria imempa mkeo njia ya kuomba peke yake bila saini yako: kama ndoa ilifungwa kwa nia njema na imeishia kwa talaka ya mahakama, au kama amepigwa au kufanyiwa ukatili mkubwa ndani ya ndoa hiyo, au kama kurudishwa kutamletea dhiki kubwa mno. Hata ambaye hajapata kadi, akiwa anaonewa na mwenzi aliye raia au mkaazi wa kudumu, ipo njia ya kujiombea mwenyewe kwa siri, na uhamiaji hawaruhusiwi kumwamulia vibaya kwa kutegemea maneno ya anayemuonea peke yake. Njia hiyo ni ya wanawake na wanaume.

Kuna jambo jingine. Wewe ulipomleta ulisaini ahadi ya kumtunza, fomu I-864. Umeahidi asishuke chini ya asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali. Ahadi ile haiondoki kwa talaka. Inaisha akipata uraia, au akihesabiwa robo 40 za kazi, ambazo ni kama miaka 10, au akiondoka nchi moja kwa moja na kuacha ukaazi wake, au mmoja wenu akifariki. Kwa hiyo ukisema "nitakutupa", sheria yenyewe inakwambia huwezi kumtupa hivyo. Na kabla ya sheria ya kibinadamu, Qur'ani imeshakupa njia mbili tu: kukaa naye kwa wema au kuachana naye kwa ihsani. Ya tatu haipo.

KWA ALIYESALITIWA ANAYETAKA KULIPIZA

Sasa nawe kaka uliyeumizwa, na dada uliyeambiwa "umwoneshe". Maumivu yenu nayajua yanavyouma, sitayadharau. Kusalitiwa na mtu uliyemvusha bahari, ukamlipia wakili na tiketi, ni kidonda kinachotoa usaha. Una haki ya kuacha. Una haki ya kukataa kusaini kitu ambacho si cha kweli tena. Kama ombi bado liko kwako na ndoa imekufa, kuliondoa si dhuluma. Husaini uongo kwa ajili ya mtu yeyote.

Lakini kuandika kwamba "alinioa kwa makaratasi" na unajua si kweli, hiyo ni haramu. Fahamu uzito wa neno hilo. Ndoa ya bandia kwao ni jinai, kifungo mpaka miaka 5 na faini mpaka dola 250,000, na uhamiaji ukishaona kwamba mtu aliingia ndoa ya namna hiyo, maombi yote ya baadaye ya kuombewa na jamaa au mwajiri yanakataliwa. Umemfungia mlango wa maisha yake yote kwa sababu ya ujumbe uliouona kwenye simu. Suratul Maida aya ya 8 inatuonya tusiache chuki ya watu itupeleke kwenye kutofanya uadilifu. Kama uadilifu unadaiwa hata kwa adui, je, kwa mama wa watoto wako?

Na zina yenyewe usiitupe kama jiwe. Hilal bin Umayya (r.a.) alimtuhumu mkewe mbele ya Mtume (s.a.w.), naye alikuwa swahaba wa Badr. Hakuambiwa "wewe ni mkweli, sema tu". Alidaiwa ushahidi, mpaka zikateremka aya za li'ani katika Suratun Nur, mume aape mara nne na ya tano ajitakie laana ikiwa muongo. Swahaba wa Badr kadaiwa ushahidi, wewe picha moja ya simu unaipeleka kwenye kundi la WhatsApp la familia? Muogope Allah.

KWA MASHAHIDI

Watu huombwa waandike: rafiki, shangazi, jirani, imamu. "Andika tu kwamba tunaishi vizuri." Aya ya 135 ya Suratun Nisaa inatutaka tusimame na uadilifu tukiwa mashahidi kwa ajili ya Allah, japo dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Andika ulichokiona. Uliwaona kwenye harusi yao, andika hiyo. Waliishi nyumba ya jirani yako mwaka mzima, andika hiyo. Ya sasa kama huyajui, usiyaandike. Ushahidi wa kweli wa kwamba ndoa ilianza kwa nia njema unaweza kumwokoa dada yule wa mwanzo, hata kama mume ameshahama. Ukiuchanganya na uongo, hata ule ukweli utatupwa.

NA MIAKA YA KUSUBIRI

Nimalizie na mzizi. Usaliti mwingi ninaosimuliwa haukuanzia Marekani wala hapa, umeanzia katikati, wakati mmoja yuko huko na mwingine yuko huku, wanasubiri barua ya ubalozi. Mwaka unapita, wa pili unaingia.

Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.) alipita usiku Madina akamsikia mwanamke akilalamika upweke, mumewe yuko jihadini. Hakumkemea yule mwanamke. Alikwenda kumuuliza binti yake Hafsa, mwanamke anaweza kumvumilia mumewe muda gani? Akaambiwa miezi minne, na katika riwaya nyingine sita, akaweka kikomo cha askari kukaa mbali na wake zao. Yule alikuwa kiongozi wa umma, na alikubali kwamba kutengana kwa muda mrefu ni mtihani, akaweka utaratibu badala ya kuwaambia watu "vumilieni" tu.

Basi nyinyi mnaosubiri, wekeni utaratibu. Kabla ya kufunga ndoa semezaneni: ikichukua miaka miwili tutafanya nini? Nani atasafiri kumwona mwenzake, mara ngapi? Nauli itatoka wapi? Pengine fedha ya sherehe ya kumbi mbili ingekuwa tiketi mbili. Msiuze ukaribu wenu kwa ajili ya picha za harusi. Na wazazi, msiwasukume mabinti kwenye ndoa ya mtu msiyemjua kwa sababu ana pasipoti. Na mkiona hamwezi kungoja, kuachana kwa wema kabla ya dhambi ni bora kuliko kudumu ndani ya dhambi kwa sababu fomu iko njiani.

KWA UFUPI, FANYENI HAYA

Aliyezini atubu leo, aikate njia ya dhambi hiyo, asimtangaze mwenzake wala asijitangaze.

Asiapie uongo. Aende kwa wakili wa uhamiaji mwenye leseni, si kwa "mtaalamu" wa mtaani anayejaza fomu kwa dola hamsini, amweleze wakili ukweli wote. Wakili ana amana ya siri.

Aliyesalitiwa aweke stakabadhi za maisha yao salama: mikataba, picha, taarifa za benki. Ni ushahidi wa haki yake. Na kama anapigwa, asingoje kadi. Atoke, aombe msaada, maisha yake ni amana pia.

Yule dada wa mwanzo nimemjibu hivi: usicheke naye kwa hila, usimuogope, na usiseme uongo. Mkipatana kwa toba ya kweli, sainini pamoja mkiwa mnaishi pamoja. Msipopatana, vunja ndoa mahakamani na uombe peke yako kwa ukweli wa nia uliyokuwa nayo siku ya nikaha. Ukweli huo hakuna mchepuko wa mume unaoweza kuufuta.

Ewe Mola wetu, zisitiri nyumba za Waislamu, warejeshe waliopotea, waliotengana wakutane katika halali, na utupe ndimi zinazosema kweli tunapoapa na tusipoapa. Aamin.

Wallahu a'lam. Mwenye ndugu aliyeko katika mtihani huu amfikishie, lakini kwa faragha, asimtaje kwenye maoni hapa chini. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.